Mteule wa Umati

Somo: 1 Samweli 16:1-13 na 19, Yohana 6:15

 Katika mazungumzo ya leo twataka kutazama pamoja historia ya jambo ambalo huenda wengine wenu mtashangaa kulisikia katika kipindi cha ibada. Nalo ni habari ya vijana wa Marekani wachezao mpira wa kikapu, hasa wale ambao majina yao yalitangazwa nchi nzima wangali watoto wa shule. Twaileta habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo huu ulizaliwa katika nyumba ya Wakristo, kwa hiyo si mgeni kwetu. Pili, yaliyowapata watoto wale yaweza kuwapata watoto wetu pia, katika mchezo wo wote, au katika masomo, au hata katika uimbaji wa kanisani. Kwa maana macho ya watu wengi ni mzigo, na mzigo ni mzigo kila mahali.

Nyumba ulimozaliwa mchezo

James Naismith alizaliwa Kanada mwaka 1861. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alifiwa na baba na mama, akalelewa na jamaa zake. Alisoma theolojia katika chuo cha Wapresbiteri huko Montreal, akamaliza mwaka 1890. Watu walitazamia kumwona mimbarani, lakini yeye aliona ya kuwa kijana aweza kufundishwa tabia njema hata uwanjani. Basi akaenda Springfield, katika jimbo la Massachusetts, kufundisha katika chuo cha Y.M.C.A., yaani kile Chama cha Vijana Wakristo ambacho nyumba zake twazijua hata hapa Kenya.

Mwezi wa Desemba 1891 alipewa darasa la vijana 18 waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Nje kulikuwa na baridi kali, haikuwezekana kucheza uwanjani. Mkuu wake alimpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba. Naismith alimwomba mtunza nyumba masanduku mawili. Masanduku hayakupatikana, akapewa vikapu viwili vya matunda. Akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika sheria 13. Alikataza kukimbia na mpira mkononi, na kusukumana, ili vijana wasiumizane. Wakacheza tisa kwa tisa, na siku ile ya kwanza likaingia bao moja tu.

Mwanafunzi mmoja alitoa shauri kwamba mchezo ule uitwe kwa jina la Naismith. Mwalimu akacheka, akakataa. Ukaitwa kwa jina la vikapu vile. Baadaye alifundisha mchezo huo katika Chuo Kikuu cha Kansas, na timu zake zilishinda mara 55 na kushindwa mara 60. Ndiyo kusema, baba wa mpira wa kikapu alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda! Wala hakuna aliyemhesabu kuwa mtu bure kwa ajili hiyo. Kwake yeye mchezo ulikuwako kwa ajili ya kijana. Tulishike neno hilo, maana historia inayofuata ni historia ya jinsi lilivyogeuzwa, hata kijana akawako kwa ajili ya mchezo.

Mlango ulivyofunguliwa

Kwa miaka mingi ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, iitwayo N.B.A., haikumruhusu kijana kuingia mpaka ipite miaka minne tangu wenzake wa darasani wamalize sekondari. Mwaka 1971 mchezaji mmoja, Spencer Haywood, aliipinga sheria hiyo, na kesi yake ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, akashinda. Haywood alikuwa mwana wa watu waliochuma pamba katika jimbo la Mississippi. Hatuwezi kumlaumu mtoto wa maskini kwa kutaka kufanya kazi anayoiweza. Mlango ulifunguliwa kwa haki. Lakini ukiisha kufunguliwa, waliopita si wale tu wenye haja ya mkate.

Mwaka 1974 Moses Malone wa mji wa Petersburg, Virginia, kijana wa miaka 19 aliyelelewa na mama yake peke yake, alitoka sekondari akaenda moja kwa moja kwenye timu ya kulipwa, nayo ni Utah Stars, katika ligi nyingine iliyokuwapo wakati ule. Huyu alifanikiwa sana, akawa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo mpaka alipofariki mwaka 2015. Mwaka 1975 wawili wengine, Darryl Dawkins na Bill Willoughby, waliingia N.B.A. wakiwa na miaka 18. Baada ya hao ilipita miaka 20 kabla kijana mwingine hajachaguliwa na ligi hiyo akitoka sekondari tu.

Katika miaka hiyo 20 mambo mawili yalikua: televisheni na biashara ya viatu. Mwaka 1984 kampuni ya Nike ilifanya mapatano na Michael Jordan, aliyekuwa ndiyo kwanza aingie ligi. Viatu vilivyoitwa kwa jina lake vikauzwa duniani kote, na wafanya biashara wakajifunza ya kuwa jina la kijana mmoja laweza kuwa kama shamba lenye rutuba. Basi wakaanza kulitafuta jina linalofuata, na kila mmoja alitaka kulipata kabla ya mwenzake. Wakashuka kutoka vyuo vikuu mpaka sekondari, na kutoka sekondari mpaka kwa watoto wadogo zaidi. Zikawekwa kambi za likizo zilizolipiwa na kampuni za viatu, ambako vijana mamia walipimwa, wakapangwa kwa nambari, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama vile ng'ombe katika maonyesho ya kilimo.

Mwaka 1995 Kevin Garnett aliingia ligi akitoka sekondari. Mwaka 1996 akafuata Kobe Bryant, ambaye siku aliyochaguliwa alikuwa na miaka 17. Mwaka 2001, kwa mara ya kwanza katika historia, mtoto wa sekondari alichaguliwa kuwa wa kwanza mbele ya wachezaji wote wa vyuo. Huyo ni Kwame Brown wa Georgia. Alicheza misimu 12 katika ligi, jambo ambalo wachezaji wengi hawalipati kabisa. Lakini kwa kuwa hakuwa yule ambaye watu walitangaza kwamba angekuwa, jina lake liligeuzwa kuwa mzaha kwa miaka mingi. Ndugu msikilizaji, tazama vema. Hakuvunja ahadi yake mwenyewe, kwa maana ahadi ile iliwekwa na watu wengine juu ya kichwa chake.

Siku mbili za mwezi Juni

Kabla ya hao palikuwa na Len Bias, kijana wa Maryland, aliyemaliza miaka minne ya chuo kikuu, akasifiwa sana. Tarehe 17 Juni 1986 alichaguliwa wa pili katika nchi nzima, na timu iliyomchukua ni Boston, mabingwa wa mwaka ule. Tarehe 19 Juni, siku mbili tu baadaye, alianguka katika bweni la chuo chake, akafa siku iyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 22. Waganga walithibitisha ya kuwa kokeini ndiyo iliyosimamisha moyo wake.

Hatusemi kwamba sifa ndizo zilizomwua. Kokeini ndiyo iliyomwua. Lakini lipo swali ambalo kanisa halina budi kuliuliza. Nchi nzima ilijua kimo chake, na jinsi anavyoruka, na pointi anazofunga. Je, ni wangapi waliojua alivyo rohoni mwake usiku ule? Mama yake, Lonise Bias, baada ya kuzika alisimama mbele ya vijana katika shule na makanisa kuwaonya juu ya dawa za kulevya. Mwaka 1990 mwana wake mwingine, Jay, aliuawa kwa risasi, akamzika na huyo pia. Hata hivyo mama yule hakuacha kusema na watoto wa watu wengine. Umati uliwajua wanawe kwa jezi zao, lakini yeye aliwajua kwa majina tangu kuzaliwa. Na umati ulipokwisha kutawanyika, yeye ndiye aliyebaki.

Wawili waliokutana mwaka 2001

Sasa twafika kwa kijana ambaye alibebeshwa zaidi ya wote. LeBron James alizaliwa tarehe 30 Desemba 1984 katika mji wa Akron, Ohio, mama yake akiwa msichana wa miaka 16. Mwezi wa Februari 2002, akiwa bado ana mwaka mzima na zaidi wa kusoma sekondari, gazeti kubwa la michezo la Marekani liliweka picha yake kwenye jalada, likamtaja kuwa ndiye Mteule.

Wasikilizaji wetu, neno hilo si dogo. Sisi tusomao Biblia twajua ni nani aitwaye Mteule, na ni nani mwenye haki ya kuteua. Hapa mtoto wa miaka 17 aliteuliwa na wauza magazeti.

Tangu hapo shule yake haikuwa shule tu. Michezo yake ilihamishiwa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Akron, maana ukumbi wa shule haukutosha watazamaji. Desemba 2002 mchezo wa shule yake ulionyeshwa nchi nzima katika televisheni. Tiketi ziliuzwa, matangazo yakauzwa, na magazeti vivyo hivyo. Kisha mwezi wa Januari 2003 ikajulikana kwamba kijana alikuwa amepewa bure na duka moja jezi mbili za ukumbusho, ambazo bei yake kwa pamoja ilikuwa dola 845. Wasimamizi wa michezo ya shule wakamfungia asicheze tena, mpaka hakimu alipoipunguza adhabu. Sheria ni sheria, nasi hatufundishi watoto kuivunja. Lakini mwenye macho na aone: watu wazima wengi walipata faida kwa jasho la mtoto huyu, naye mtoto alikaribia kupoteza mwaka wake kwa ajili ya nguo mbili. Miezi michache baadaye, kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa, kampuni ya viatu ilimwandikia mapatano ya dola zaidi ya milioni 90.

Huyu hakuanguka. Alipata ubingwa mara nne, na mwaka 2018 alifungua shule katika mji wake wa Akron kwa ajili ya watoto wenye shida kama alizoziona yeye. Lakini tusidanganyike kwa mfano wa aliyevuka mto, tukasahau waliochukuliwa na maji.

Katika majira ya joto ya mwaka 2001, kambi moja ya viatu huko New Jersey ilimkutanisha LeBron na kijana aliyemzidi umri kidogo, jina lake Lenny Cooke, wa New York. Wakati ule Cooke ndiye aliyehesabiwa na wengi kuwa wa kwanza miongoni mwa wanafunzi wote wa Marekani. Watu walikuja kuwaona hao wawili. LeBron alipata pointi 24, Cooke akapata 9, na mwishoni LeBron alitupa mpira kutoka mbali ukaingia, timu yake ikashinda. Ulikuwa mchezo mmoja tu wa kambini, lakini macho ya watu yalihama. Mwaka 2002 Cooke aliacha njia ya chuo kikuu akajiandikisha kuchaguliwa na N.B.A. Yakasomwa majina yote tangu la kwanza hata la mwisho, jina lake halikuwamo. Alicheza katika ligi ndogo ndogo na katika nchi za mbali, akaumia vibaya katika ajali ya gari, na baadaye safari yake ya mchezo ikafikia mwisho. Hakuingia ligi kubwa kamwe.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila tukiitaja methali hiyo twamlaumu mgema. Leo na tuwaulize wale waliosifu. Walikuwa wapi mwaka 2003? Walikuwa wamekwenda kumsifu mwingine.

Yaliyobadilika na yasiyobadilika

Mwaka 2005 ligi iliweka sheria mpya, kwamba mchezaji wa Marekani awe na miaka 19 na apitishe mwaka mmoja baada ya wenzake kumaliza sekondari. Sheria hiyo iliuchelewesha mlango, haikuyaondoa macho. Tangu mwaka 2021 wanafunzi wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa ajili ya majina yao, na mwaka huo huo shirika moja mjini Atlanta lilianza kuwalipa vijana, hata wa miaka 16, dola 100,000 au zaidi kwa mwaka ili wacheze na kupigwa picha. Siku hizi kijana hahitaji hata jalada la gazeti. Simu iliyo mikononi mwa kila mtazamaji yatosha kumtangaza Jumamosi na kumdhihaki Jumapili.

Hata waliofanikiwa wameanza kusema ukweli. Mwaka 2018 DeMar DeRozan, mchezaji mashuhuri, alieleza hadharani habari ya huzuni nzito inayomwandama. Mwezi uliofuata Kevin Love akaandika jinsi alivyoshikwa na hofu kuu katikati ya mchezo, hata akashindwa kuvuta pumzi vizuri, akakimbia kutoka uwanjani. Hao walikuwa watu wazima wenye mali na heshima. Ikiwa mti mkavu waumia hivyo, je, ule mbichi?

Daudi alirudi wapi?

Sasa tufungue Biblia zetu katika somo letu. Samweli alikwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Alipomwona Eliabu, kimo chake na sura yake, alidhani amempata. Mungu akamkataza, akamfundisha ya kwamba wanadamu hutazama yaonekanayo kwa macho, lakini Yeye hutazama moyo. Mwishoni akaitwa mdogo aliyekuwa malishoni, naye akapakwa mafuta mbele ya ndugu zake.

Habari hiyo tumeifundisha katika Shule ya Jumapili miaka mingi. Lakini ni mara chache tunapouliza: baada ya kupakwa mafuta, Daudi alikwenda wapi? Hakuvikwa taji siku ile, wala hakuzungushwa katika miji ili watu wamwone. Someni aya ya 19. Sauli alipomtaka, ujumbe wake kwa Yese ulisema habari za mwanawe aliye pamoja na kondoo. Mteule wa Mungu alikuwa amerudi kwenye kazi yake! Hata katika sura ya 17, akiwa amekwisha kumtumikia mfalme, twamwona akienda na kurudi ili kuchunga kondoo wa baba yake huko Bethlehemu. Naye alipotawala alikuwa na umri wa miaka 30.

Kumbe Mungu akimchagua mtoto, humpa muda na mahali pa kukulia. Umati ukimchagua mtoto, humnyang'anya vyote viwili. Tena angalieni sura ya 18. Siku Daudi aliposifiwa kwa nyimbo barabarani kuliko mfalme, ndipo Sauli alipoanza kumwonea wivu, na haukupita muda mkuki ukarushwa kumwelekea. Wale waimbaji hawakukusudia mabaya, lakini wimbo wao ndio uliouleta mkuki.

Turudi Akron kwa kitambo kidogo. LeBron alipokuwa darasa la nne, yeye na mama yake walikuwa wakihama kutoka nyumba hata nyumba, naye alikosa shule zaidi ya siku 80 katika mwaka mmoja. Ndipo jamaa moja, akina Walker, wakampokea kwao. Katika nyumba ile aliamshwa mapema, alipewa kazi za nyumbani kama watoto wengine, na alipelekwa shuleni. Mwaka uliofuata hakukosa shule hata siku moja. Na timu yake ya kwanza ya utoto, ya rafiki aliokua nao, ilifanya mazoezi katika ukumbi mdogo wa Jeshi la Wokovu. Hao ndio waliokuwa kondoo wake. Kabla dunia haijamwita Mteule, alikuwa na nyumba ambamo aliitwa mtoto.

Hatusemi kwamba nyumba njema ni dawa ya kila jambo. Lenny Cooke naye alipokewa na mama mlezi huko New Jersey aliyemtakia mema. Lakini nguvu za nje zilikuwa nyingi, na nyumba moja haikutosha. Kwa sababu hiyo nyumba yahitaji kusaidiwa na kanisa.

Nasi je?

Twaweza kusema hayo ni mambo ya Marekani. Lakini kumbukeni miaka ya mtihani wa K.C.P.E., uliofanywa tangu 1985 hata 2023. Kila matokeo yalipotoka tuliona magazetini picha za watoto waliobebwa juu mabegani, wakashangiliwa na kijiji kizima. Furaha ile ilikuwa halali. Lakini ni nani aliyemwendea mtoto yule baada ya miaka minne, kama alama zake za sekondari hazikuwa kama zile? Na katika makanisa yetu, mtoto mwenye sauti nzuri tumemsimamisha mbele kila Jumapili, na sauti ilipovunjika tukamtafuta mwingine. Tusiwanyoshee Wamarekani kidole.

Tena katika shule zetu mpira wa kikapu huchezwa, na vijana wetu warefu, wavulana kwa wasichana, huota kwenda kusoma ng'ambo kwa njia ya mchezo huo. Wako waliokwenda wakapata elimu njema, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mzazi, ajapo mtu nyumbani kwako kumsifia mtoto wako na kumwahidi safari, usimpe paspoti kabla hujamwuliza maswali. Wewe ni nani, na ni nani alipaye mshahara wako? Shule hiyo ina jina gani, na mtoto atasoma nini? Goti lake likivunjika, ni nani atakayemtibu, na ni nani atakayelipa nauli ya kumrudisha? Mwonyeshe mchungaji wako karatasi hizo, au mwalimu unayemwamini, kabla ya kutia sahihi. Mtu mwema hatakasirika kwa kuulizwa.

Na sisi tulio viongozi katika kanisa tuna kazi yetu. Mtoto akishinda, tufurahi naye, kisha tumwache arudi kwa kondoo: aoshe vyombo, akae katika darasa la kipaimara pamoja na wenzake, afanye yale yasiyopigiwa makofi. Mtoto akishindwa, tuwe wa kwanza kubisha hodi kwao, kabla hajafikiri kwamba tumemwacha. Umati huja wakati wa ushindi, na kwa sababu hiyo kanisa lisikose kuja wakati wa kushindwa.

Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa katika jambo hili. Yohana anatuambia ya kuwa baada ya kuwalisha watu elfu tano, Yesu alitambua wanataka kumshika na kumfanya mfalme kwa nguvu, akaondoka, akapanda mlimani peke yake. Aliwezaje kuukataa umati wenye kushangilia? Aliweza kwa sababu hakuuhitaji umpe jina. Kule Yordani, kabla hajafanya mwujiza wo wote wala kuhubiri mbele ya makutano, Baba alikuwa amekwisha kumtangaza kuwa Mwana anayempenda.

Hilo ndilo tulilo nalo sisi la kumpa mtoto, ambalo kampuni ya viatu haliwezi. Tumletapo kisimani kubatizwa, au makanisa mengine wanapomweka mikononi mwa Bwana kwa maombi, hajafunga bao hata moja wala kufanya mtihani. Twamtaja kwa jina lake, na twamkabidhi kwa Mungu ampendaye jinsi alivyo. Hata Katekismo ya Kitabu cha Sala huanza kwa kumwuliza mtoto jina lake, wala haimwulizi nambari yake katika darasa. Mtoto akilijua jina hilo vema, aweza kushinda bila kiburi, na aweza kushindwa asiangamie.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemwita Daudi kutoka malishoni ukamrudisha malishoni mpaka wakati wako ulipotimia, twakusihi uwalinde watoto wetu wenye vipawa. Uwalinde na sifa zilizopita kiasi, na watu wanaotafuta faida kwao, na hofu ya kushindwa. Uwakumbuke wale waliosahauliwa na umati, uwape kujua ya kuwa Wewe hukuwasahau. Utupe sisi wazazi, walimu na wachungaji subira ya kuwalea, na uaminifu wa kubaki nao makofi yakiisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.